Kaskazini ya Visiwa: namna Tumbatu, Nungwi na Pemba zinavyoujenga Uzanzibari

Kutoka Darajani hadi Nungwi ni kilomita zipatazo 60. Daladala 116 ikipakia mapema na isikae sana Mahonda na Kinyasini, saa mbili ushafika. Katika nchi kubwa huo si umbali wa kuitwa mbali. Lakini wako watu wazima wa Mjini ambao hawajawahi kukanyaga Tumbatu isipokuwa kwa mazishi au kampeni, na ukiwauliza kuhusu Makangale, ncha ya kaskazini ya Pemba, watakutajia msitu wa Ngezi na hadithi za uchawi, basi.

Watu hao hao, mazungumzo yakifika kwenye suala la Zanzibar ni nani, huenda moja kwa moja kaskazini kutafuta ushahidi. Nchi ni ya kale? Magofu ya Tumbatu na sarafu za Mtambwe. Sisi ni watu wa bahari? Mafundi wa Nungwi na wavuvi wa Kojani. Tuna msimamo wetu? Pemba. Mji ndio unaosema kwa niaba ya Visiwa, ila hoja nyingi unazozitumia haziko Mjini. Namna jambo hili linavyofanya kazi inahitaji kufunguliwa fundo kwa fundo, maana jiografia, sensa za wakoloni, kura na sheria zote zimeingiana humo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kaskazini ipi. Kiutawala ziko mbili: Mkoa wa Kaskazini Unguja, wenye Wilaya za Kaskazini A na Kaskazini B, na Mkoa wa Kaskazini Pemba, wenye Wete na Micheweni. Katika siasa na mazungumzo ya baraza, Pemba nzima huhesabiwa kuwa upande wa pili wa mkondo, hata Mkoani iliyo kusini yake. Sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu 1,889,773. Kaskazini Unguja walikuwa 257,290 na Kaskazini Pemba 272,091, yaani mikoa hiyo miwili peke yake ina asilimia 28 ya wananchi wote.

Asilimia hiyo ndiyo inayotutenga na nchi nyingine zinazojivunia kaskazini zao. Kanada ndiyo mfano unaotajwa sana. Maeneo yake matatu ya kaskazini, Yukon, Northwest Territories na Nunavut, yana karibu asilimia 40 ya ardhi ya nchi na chini ya asilimia moja ya watu. Wakanada walio wengi wanaishi kusini, karibu na mpaka wa Marekani, lakini wimbo wao wa taifa kwa Kiingereza unaitaja kaskazini kama sifa ya nchi nzima, na nguzo ya mawe ya Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, iliyomo kwenye bendera ya Nunavut ndiyo iliyochukuliwa kuwa alama ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, 2010. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, Quebec, na kuzipeleka Grise Fiord na Resolute, safari ya kilomita zinazokaribia 2,000 kuelekea kwenye barafu, kwa sehemu kubwa ili kuonesha kwamba visiwa vile vina wenyewe. Iliomba radhi mwaka 2010. Kaskazini yenye watu wachache inaweza kufanywa picha, na wakaazi wake wakawa bendera zenye miguu. Kaskazini yenye zaidi ya robo ya wananchi haiwezi. Hiyo inajibu, na inajibu kwa kelele.

Umbali unatoka wapi

Kilomita hazielezi kwa nini sehemu hizi zimekuwa "mbali". Udongo ndio unaoeleza mengi zaidi. Unguja imegawika vipande viwili. Magharibi kuna udongo mzito, ndiko mikarafuu na minazi ilikopandwa tangu zama za Sayyid Said. Mashariki na ncha ya kaskazini ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale, na udongo umejificha kwenye mashimo na nyufa tu. Mkulima wa maweni hafyeki shamba moja akalilima maisha. Hukata kichaka, huchoma, hupanda muhogo, mtama au kunde kwenye vile vishimo kwa misimu michache, kisha huacha pote pakarudi msitu. Akirudi mapema mno, jivu la kichaka halitoshi kuurutubisha udongo na muhogo hutoka mwembamba.

Matokeo yake ya kisiasa ni makubwa kuliko yanavyotazamwa. Wenye mashamba makubwa wa karne ya 19 hawakuyataka maweni. Wenyeji waliobaki huko, Wahadimu upande wa kusini na mashariki na Watumbatu upande wa kaskazini, wakabaki na ardhi yao, masheha wao na lahaja zao, huku wa magharibi wakichanganyika au kusukumwa. Kwa hiyo tunapoitafuta "asili" kaskazini, sehemu kubwa ya tunachokikuta ni kilichosalimika kwa sababu jiwe halikufaa kwa mkarafuu.

Pemba ni kisa kingine, na kosa linalofanywa mara kwa mara ni kuizungumzia kama kitu kimoja. Wete na Mtambwe ni vilima na mabonde yenye udongo mzuri. Tufani ya 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ilinusurika, na tangu hapo imekuwa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Tena mikarafuu ile haikuwa ya mabwana peke yao. Wapemba wa kawaida walikuwa na mikarafuu yao, jirani na ya Waarabu, na watu walioana. Ukivuka ukaingia Micheweni, upande wa kaskazini mashariki, unarudi kwenye maweni matupu. Tafiti za bajeti za kaya zimeitaja Micheweni tena na tena miongoni mwa wilaya maskini kabisa Visiwani. Mtu anayesema "Wapemba matajiri wa karafuu" hajafika Micheweni, na anayesema "Pemba yote njaa" hajafika Mtambwe msimu wa kuchuma.

Halafu kuna maji. Unguja imekaa juu ya kina kifupi. Zama za barafu ilikuwa imeungana na Bara. Pemba imetengwa na mfereji wenye kina cha mamia ya mita, hadi karibu 800, na imekaa peke yake kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na wanyama na mimea isiyopatikana pengine: popo wa Pemba, bundi wake mdogo, na mpapindi, mnazi-pori wa Ngezi. Baina ya Nungwi na Pemba ni kiasi cha kilomita 50 za bahari wazi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima na hukaza zaidi wakati wa kusi, na hapo katikati unakutana na maji ya kupwa na kujaa yanayopita baina ya visiwa. Upepo ukienda kinyume na maji, mawimbi huwa mafupi na ya kusimama, na chombo hakipati nafasi ya kuinua omo kabla ya wimbi la pili.

Hata umeme unafuata mpasuko huu. Unguja inapata wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Dar es Salaam. Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, iliunganishwa mwaka 2010 kwa waya wa kilovolti 33 kutoka Tanga. Visiwa viwili vya nchi moja, kila kimoja kimefungwa Bara kwa njia yake, na hakuna waya baina yao. Ukitaka kuelewa kwa nini Mpemba mwenye biashara anaijua Tanga vizuri kuliko Makunduchi, anzia hapo.

Ukale uliochimbwa

Madai ya ukale ya Zanzibar yana miguu, na miguu hiyo iko kaskazini. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Lanjuya, anayokusudia Unguja, walihamia kisiwa kiitwacho Tumbat ambacho wakaazi wake ni Waislamu. Upande wa kusini mashariki wa Tumbatu, karibu na kijiji cha Jongowe, pamesimama magofu ya Makutani: msikiti wa mawe wenye mihrabu na nyumba za mawe za mji uliostawi baina ya karne ya 12 na ya 14. Uchimbaji umeonesha kwamba mji ule uliachwa ghafla, katikati ya karne ya 14.

Mtambwe Mkuu ni kijisiwa karibu na Wete ambacho maji yakipwa unakifikia kwa miguu. Mwaka 1984 pale ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote ndogo za fedha zilizopigwa hapa hapa pwani, pamoja na chache za dhahabu zinazofungamana na dola ya Wafatimi wa Misri. Jambo la kuzingatia ni hizo ndogo. Sarafu ya kigeni inathibitisha kwamba wageni walipita. Ya kwenu inathibitisha kwamba kulikuwa na mtawala wa hapa ambaye jina lake lilitosha kuwafanya watu wakubali kipande kidogo cha fedha kama malipo. Huko Tumbe na Chwaka, Wilaya ya Micheweni, wachimbaji wamekuta vijiji na mji uliofuatana kutoka karne ya 7 hadi ya 16.

Hapa pana mtego. Ukale huu umekuwa ukitumika Mjini kama cheti cha kubandika ukutani, na magofu yenyewe yanaliwa na miti. Mzizi wa mtini ukiingia kwenye ukuta wa chokaa na matumbawe hauvunji siku ile. Hupanua ufa mvua baada ya mvua, na ukija kuukata mti baada ya miaka 20 ukuta huanguka nao, kwa sababu mzizi ndio uliokuwa ukiushika. Anayetaka kuhifadhi hukata mti ungali mche, au huukata juu na kuuacha mzizi ukauke mahali pake huku ukuta ukijazwa chokaa. Saruji haifai: ni ngumu kuliko ukuta na hufungia maji ndani.

Jina lililokuwa kimbilio

Sensa za wakati wa Waingereza zina somo ambalo halisomwi vya kutosha. Mwaka 1924 zaidi ya watu 33,000 wa Zanzibar walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka 1931 waliojiita hivyo walibaki elfu mbili hivi. Watu hawakufa wala hawakuhama. Walibadilisha jina: wengine wakawa Wahadimu, wengine Watumbatu, wengine Washirazi, jina la waliojinasibisha na Uajemi. Wengi wao walikuwa watu wenye asili ya Bara au vizazi vya watumwa walioachwa huru, na utawala wa kikoloni uliokuwa ukigawa haki, hadhi na baadaye hata chakula cha mgao kwa kabila uliwapa kila sababu ya kutafuta jina lenye mizizi. Kuwa Mtumbatu kulimaanisha kuwa mwenyeji asiyeulizwa alikotoka.

Basi kaskazini ilitoa zaidi ya magofu. Ilitoa mlango wa kuingilia. Ndiyo maana mtu anayehesabu "damu" ya Kitumbatu leo kana kwamba ni dawa iliyofungwa kwenye chupa anakosea tangu hatua ya kwanza. Watumbatu wengi hata hawaishi Tumbatu. Wako Mkokotoni, Nungwi na vijiji vya jirani, na wa kisiwani wenyewe wamezowea kuvuka kuja kulima upande wa Unguja.

Lugha ilipata mkondo wa kinyume. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja cha mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kitumbatu na Kipemba zilishushwa daraja kwa siku moja, zikawa lahaja za kuchekwa skuli. Miaka mingi baadaye BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lilichapisha kamusi za lahaja hizo, na sasa zinaheshimiwa kama hazina. Mtoto wa Micheweni bado hukosolewa na mwalimu akiandika anavyosema. Heshima na kukosolewa vinaishi nyumba moja.

Chombo, dago na mkondo

Picha inayouza Zanzibar duniani ni tanga jeupe mbele ya jua linalozama, na mara nyingi imepigwa Nungwi au Kendwa. Nyuma ya picha kuna kazi, na kazi hiyo ni vyema itazamwe kwa karibu, maana ndiyo inayosemwa sana na kujulikana kidogo.

Chombo huanza na mkuku, mti mnyoofu uliolazwa juu ya magogo pwani. Mbele na nyuma husimamishwa fashini. Fundi hana mchoro. Vipimo viko kichwani na kwenye shubiri na dhiraa zake. Mbao za mwanzo hupigwa kando ya mkuku, na zikianza kushika umbo ndipo mataruma huingizwa moja moja. Taruma zuri halichongwi kutoka kwenye ubao ulionyooka. Hutafutwa tawi au shina lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata mpindo, taruma halipasuki chombo kinapopigwa na wimbi. Tezo hufanya sehemu kubwa ya kuchonga. Kila msumari hutanguliwa na tundu la keekee, la sivyo ubao huchanika kwenye ncha. Baina ya mbao hupigwa kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo hadi isiingie zaidi. Juu ya maji chombo hupakwa sifa. Chini hutiwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu.

Kosa linaloua vyombo vingi ni mbao mbichi. Fundi anayeharakishwa na mwenye fedha hupiga ubao haujakauka, na baada ya msimu mmoja wa jua unakuwa umenywea, kalafati inalegea na chombo kinakunywa maji kwenye kila mshono. La pili ni kuchelewa kukipandisha. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, chombo hulazwa pwani, huwashwa makuti chini ya tumbo lake ili joto na moshi viwaue wadudu wanaotoboa mbao, kisha deheni mpya hupakwa kabla maji hayajarudi. Ukiziruka bamvua nyingi, mbao inayoonekana nzima huwa ndani imekuwa kama sega la asali.

Kazi hii inabanwa sasa na kitu kile kile kilichoifanya iwe Nungwi. Pwani ya Paje na Jambiani bahari ikipwa hukimbia hata kilomita moja. Nungwi na Kendwa haiendi mbali, chombo kinaingia na kutoka karibu saa zote. Mtalii naye anataka kuogelea saa zote. Hoteli zikaja palepale mafundi walipokuwa wakilaza mikuku yao. Mvule wa kutoka Bara umekuwa ghali, boti za faiba hazitaki kalafati, na kijana mwenye lugha mbili anapata zaidi kwa kuwapeleka wageni kupiga mbizi. Wanaolalamika Mjini kwamba ufundi unapotea ni nadra kuagiza chombo.

Upande wa Pemba, bahari imewajenga watu kwa njia ya dago. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo chenye nyumba zilizosongamana mashariki ya Wete, hufuata samaki na upepo: hufunga safari ya wiki au miezi, wakapiga kambi pwani za mbali kuanzia Kenya hadi Mafia na kusini zaidi. Kambi inahitaji maji ya kunywa, kivuli, mahali pa kuanikia ng'onda, na idhini ya wenyeji. Ikikosekana ya mwisho, ugomvi wa nyavu huanza kabla ya samaki. Mapato hutolewa kwanza gharama za chakula na mafuta, kisha hugawanywa baina ya chombo, nyavu na mabaharia kwa hesabu iliyokubaliwa kabla ya kuondoka. Waliokwenda dago, wengine hawakurudi, wakaoa huko. Wakulima na wafanyabiashara nao wakavuka. Leo ukiwa Dar es Salaam duka la Mzanzibari huitwa duka la Mpemba hata kama mwenyewe ametoka Bububu. Nje ya Visiwa jina la kaskazini ndilo linalosimama badala ya jina la nchi.

Na msiba mkubwa ulitokea hapo hapo kwenye mkondo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika eneo la Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi. Waliookolewa peke yao walizidi 600, idadi iliyokaribia uwezo wote wa meli. Wavuvi na wenye boti wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotoka mapema kuokoa. Kabla ya siku ile, kwa watu wengi wa Mjini safari ya Pemba ilikuwa shughuli ya Wapemba. Baada yake hapakuwa na mtaa usio na tanzia. Kama kuna tukio lililoifanya Unguja ikione kile kipande cha bahari kuwa sehemu ya nyumba yake, ni lile, na ni bahati mbaya kwamba ilihitajika gharama hiyo.

Kura

Siasa ndipo kaskazini inapoacha kuwa alama ikawa nguvu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22: ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9, na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), chama chenye mizizi Pemba kilichoongozwa na Mohammed Shamte, kilipata 3. Hao watatu waligawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika. Likaongezwa jimbo moja, ukapigwa uchaguzi mwengine mwezi Juni, na Shamte akaishia kuwa kiongozi wa serikali. Mwaka 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilipata kura nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 54, lakini viti 13 tu, dhidi ya 12 vya ZNP na 6 vya ZPPP. Kwa hesabu hiyo uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 ulikabidhiwa muungano wa vyama viwili vya mwisho, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakafuata mwezi mmoja baadaye.

Ukirudi kwenye udongo, hesabu hiyo inaeleweka. Unguja, mwenye shamba na asiye na shamba walikuwa watu wawili walioishi mbalimbali. Pemba walikuwa majirani wenye mikarafuu inayopakana. Maneno ya mkutano wa hadhara Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, yaliyomchoma mtu wa mjini hayakumchoma vivyo hivyo mtu wa Mtambwe.

Vyama vingi viliporudi, ramani ile ile ikajichora. Mwaka 1995 matokeo ya Urais yalitangazwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad (Maalim Seif) wa CUF, chama cha upinzani, na CUF ikachukua viti vyote 21 vya Pemba. Januari 2001 watu waliuawa Pemba katika maandamano, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa Oktoba 2001 baina ya CCM na CUF ulifuata, kisha kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka huo ndiyo yaliyoandika kwamba Zanzibar ni nchi, na kuieleza kuwa ni visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Maalim Seif mwenyewe alizaliwa Mtambwe mwaka 1943 na alizikwa Mtambwe Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Kwa maoni yetu, kile kinachoitwa Uzanzibari kwa maana ya sasa, cha kudai nafasi ndani ya Muungano, kilipikwa zaidi Pemba kuliko pengine popote. Wapemba walikuwa na manung'uniko mawili kwa wakati mmoja, dhidi ya Mji na dhidi ya Dodoma, na njia pekee ya kuyasema yote bila kujitenga ilikuwa kuyasema kwa jina la Zanzibar nzima. Mji ulipokuja kuyachukua maneno hayo, ulikuwa unayaazima.

Nani anahesabika

Kisheria Uzanzibari hauna Tumbatu wala magofu ndani yake. Sheria ya Mzanzibari, namba 5 ya 1985, inaanzia kwenye ukaazi kabla na hadi tarehe 12 Januari 1964, kwa mtu aliye raia wa Tanzania, na inaendelea na kuzaliwa kwa wazazi Wazanzibari. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilikuja kwa sheria ya 2005. Kukipata unaanza kwa sheha wa shehia yako, na hapo ndipo panapokwama: asiye na cheti cha kuzaliwa, aliyekuwa dago miezi sita, au ambaye sheha anasema hamjui, anarudi mikono mitupu, na bila kitambulisho haandikishwi kupiga kura. Mwaka 2009 uandikishaji ulisimamishwa kwa muda Pemba kutokana na mvutano juu ya jambo hilo hilo.

Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba walioko pwani yake kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo na kuwapa uraia, baada ya vizazi vya kuishi Kilifi, Kwale na Mombasa bila karatasi. Wengi wana jamaa Tumbe, Micheweni na Kojani, na kwenye arusi na matanga bado huvuka. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na sheria ya 1985 inamtaka Mzanzibari awe raia wa Tanzania. Kwa hiyo mjukuu wa mvuvi wa Kojani aliyepokea kitambulisho chake Kilifi ni Mpemba kwa mujibu wa serikali ya Kenya, na si Mzanzibari kwa mujibu wa Zanzibar.